HADHARI ZA DHARURA VYUONI: MLANGO, KENGELE NA ORODHA YA MAJINA

Mazungumzo yafuatayo yalitolewa na ofisa habari wa Wizara mbele ya wanafunzi wa vyuo wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro, wakiwemo vijana wa Unguja na Pemba wanaosoma huko. Yanachapishwa katika ukurasa huu wa taarifa kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote, hasa wazee ambao watoto wao wako vyuoni Tanzania Bara.



Nimeombwa nizungumzie taratibu za kujihadhari na kukabiliana na dharura katika eneo la chuo. Natambua kuwa maneno ya namna hii hayana ladha kwa kijana anayesubiri chakula cha mchana, kwa hivyo sitasoma waraka. Waraka mnao, umebandikwa ukutani karibu na ofisi, na vumbi nililoliona juu yake asubuhi hii linaonesha kuwa una siku nyingi haujasomwa.

Badala yake nitauliza suali moja. Usiku wa jana, mlango wa dakhalia yenu, au bweni kama muitavyo huku, ulifungwa kwa upande gani, na ufunguo ulilala kwa nani?

Naona mnatazamana. Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nililala miaka miwili katika dakhalia iliyotiwa kufuli kwa nje kila usiku. Mlinzi alichukua ufunguo akaenda nao nyumbani kwake, ng'ambo ya kiwanja. Nia ilikuwa njema, nayo ni kuzuia wizi na utoro. Usiku mmoja taa ya mafuta ilianguka ikashika chandarua cha mwenzetu. Tuliuzima moto kwa blanketi na kwa ndoo za maji tuliyoyaweka kwa kuogea alfajiri. Mlinzi alipofika moto ulikwisha kuzimika, na ufunguo ulikuwa ukimtetemeka mkononi. Hakuumia mtu. Usiku uliofuata mlango ulitiwa kufuli vile vile, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyelalamika. Tulikuwa watoto wa adabu, na tulidhani adabu ni kunyamaza.

Wenzetu wengine hawakupata bahati hiyo. Mwezi Juni 1994 moto uliwaka usiku katika bweni la wasichana la sekondari ya Shauritanga, Rombo, mkoani Kilimanjaro, na takriban wasichana 40 wakapoteza maisha. Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli nchini Kenya, walikufa wavulana 67. Moto ule uliwashwa makusudi kwa petroli, lakini kilichoifanya idadi kuwa kubwa kiasi hicho ni kuwa mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Agosti 2009 ilikuwa zamu ya Idodi, mkoani Iringa, ambako wasichana 12 walikufa kwa moto ulioelezwa kuwa ulianzia kwenye mshumaa. Na mtu asidhani haya ni mambo ya zamani. Septemba 2024, huko Endarasha, kaunti ya Nyeri, bweni liliteketea na wanafunzi 21 wakafariki.

Nayataja haya si kwa kukutisheni. Nayataja kwa sababu katika misiba ya namna hii chanzo cha moto hubadilika, leo mshumaa, kesho waya, keshokutwa mtu muovu, lakini lile linalomzuia mtu kutoka halibadiliki sana. Ni mlango, nondo za dirisha, giza na kutojua wapi pa kwenda. Moto hatuwezi kuapa kuwa hautawaka. Mlango lakini uko mikononi mwetu.

Kwa hivyo ombi langu la mwanzo kwa uongozi wa vyuo ni kwamba mlango wa mahali wanapolala watu ufungwe kwa komeo linalofunguka kwa ndani bila ya ufunguo. Kila jengo liwe na njia mbili za kutokea, na kitanda au sanduku lisiwekwe mbele ya njia yoyote. Penye nondo, angalau dirisha moja kila upande liwe na nondo za bawaba zinazosukumika kwa ndani. Fundi wa kuchomelea wa hapa mjini anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja. Wezi wapo, nakubali. Lakini mwizi akichukua begi, begi hununuliwa jengine.

Nanyi wanafunzi mjue kuwa moshi huua kabla ya moto. Godoro la sponji likishika, chumba hujaa moshi mweusi wenye sumu katika muda wa dakika chache, na gari la zimamoto hata likiendeshwa mbio namna gani linatoka mahali. Mkiamshwa na moshi msisimame wima. Teremkeni chini, mtambae, kwani hewa safi hubaki karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango ugusweni kwa upande wa nyuma wa mkono. Ukiwa wa moto, tafuteni njia nyengine. Mkitoka, vuteni mlango nyuma yenu. Wala asirudi mtu ndani kufuata vyeti. Najua cheti kina uzito gani kwa kijana wa Kitanzania, lakini Baraza la Mitihani liko, na utaratibu wa kupata uthibitisho wa matokeo upo.

Nikipita haraka kwenye yale mnayoyajua: msipikie chumbani kwa hita ya waya, msiunganishe vifaa sita kwenye soketi moja, na simu isichajiwe chini ya mto. Maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme wala wa mafuta ya kupikia. Mtungi wa kuzimia moto huvutwa pini na kuelekezwa kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Lakini mtungi uliopitwa na muda ni pambo tu, basi nendeni mkasome tarehe iliyoandikwa juu yake.

Sasa tuje Kilosa penyewe, maana hapa taratibu za kunakili kutoka vitabuni zinaweza kuleta madhara.

Mji huu umekaa chini ya milima, na mto Mkondoa unapita ubavuni mwake. Wajerumani walipoipitisha Reli ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20 waliufuata bonde huo huo, na tangu hapo reli na mto vimekuwa majirani wasiopatana. Mwishoni mwa Disemba 2009, siku ya pili ya Krismasi, Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini. Watu zaidi ya 20,000 waliathirika, na wengi waliishi katika mahema kwa muda mrefu. Reli iliharibika baina ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasita kwa miezi. Januari 2014 maji yaliingia tena katika wilaya hii, safari hiyo upande wa Dumila na Magole, na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika darajani.

Mafuriko ya 2009 yalikuja wakati skuli zimefungwa. Ninapopita karibu na mto huu huwaza ingekuwaje lau yangelikuja katikati ya muhula, usiku, na mabweni yamejaa.

Mgeni wa Kilosa, na hasa sisi wa visiwani tusio na mito ya namna hii, husahau jambo moja. Si lazima mvua inyeshe Kilosa ndipo Kilosa ifurike. Ikinyesha juu, upande wa Kidete na Gulwe na Mpwapwa, maji huteremka yakafika hapa baadae, pengine nyota zinaonekana. Ndiyo maana nashauri kila chuo kilicho bondeni kiwe na mtu mmoja, mwalimu au mlinzi, ambaye kazi yake katika miezi ya mvua ni kupokea habari kutoka huko juu. Watumishi wa reli huziangalia njia na madaraja yao kila siku, na viongozi wa vijiji vya juu wana simu. Namba zao ziandikwe mahali, na mtu huyo azipige kabla ya watu kulala.

Na hapa ndipo penye mtego nilioutaja. Nimeuliza asubuhi hii, "Kengele ya hatari ikilia mnakusanyika wapi?" Nimejibiwa na watu wanne, na wote wamesema: uwanja wa mpira. Kwa moto, jawabu hilo ni sahihi kabisa. Uwanja ni mpana na uko mbali na majengo. Lakini uwanja nilioneshwa, nao uko chini kuliko mabweni, upande wa mto. Usiku wa mafuriko mtakuwa mmeyafuata maji kabla hayajakufuateni. Chuo cha bonde la Mkondoa kinahitaji mahali pawili pa kukusanyika, pa moto na pa maji, na kwa hivyo kinahitaji milio miwili ya kengele. Kengele ikipigwa mfululizo bila ya kusita, huo ni moto, tokeni muende uwanjani. Ikipigwa vipigo vitatu na kusita, vitatu na kusita, hayo ni maji, pandeni juu upande wa mlima. Ile kengele yenu ya kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini inafaa kuliko king'ora cha umeme, kwa sababu umeme ndio wa mwanzo kukatika. Chuo kikiona milio mengine ni bora, ni sawa, muradi kila mtu aijue, pamoja na mpishi na mlinzi wa usiku.

Maji yakikukuteni njiani, msiyavuke. Maji ya magotini yanayokwenda kasi humuangusha mtu mzima, na maji machafu hayaoneshi shimo. Baada ya mafuriko kila maji ya kunywa yachemshwe, kwani vyoo na visima huchanganyika, na kipindupindu hakichelewi.

Suala la mlio wa kengele si dogo, na kwa ushahidi naomba nikupelekeni Kenya kidogo. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadae, alfajiri, mtambo wa umeme ulipasuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamka wakadhani ni magaidi, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia, na hakuna aliyewagusa. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kuigiza uvamizi. Wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Watu waliruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafariki. Kwa hivyo zoezi lifanywe kila muhula, lakini litangazwe kabla, na asiwepo mtu wa kuona ni ufundi kuwashtukiza watu.

Ninyi mliotoka Mikumi mna hatari zenu. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na juu yake hupita malori ya mafuta na ya kemikali usiku na mchana. Wanyama hukatiza, madereva hukimbiza, na ajali si ngeni. Machi 2022, katika barabara hiyo hiyo, huko Melela Kibaoni, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwanafunzi akiwa wa mwanzo kufika penye ajali, kazi yake ni kuzuia ajali ya pili. Asimamishe magari kwa mbali pande zote mbili, apige simu, asimvute majeruhi aliyebanwa isipokuwa gari inawaka, na azibe damu inayotoka kwa kukandamiza kitambaa safi. Ndani ya hifadhi asitangetange nje ya gari.

Na likianguka lori la mafuta, kimbieni. Wengi wenu mnakumbuka Msamvu, Morogoro mjini, tarehe 10 Agosti 2019. Lori lilipinduka, watu wakaja na madumu, kisha likalipuka. Walikufa zaidi ya 100, na wengi wao hawakuwa abiria wa chombo chochote, walikuja kuchota. Walikuwemo vijana wa umri wenu. Nasikitika kusema kuwa hata baada ya Msamvu nimeyaona madumu yakitolewa.

Kwa nyoka, ambao Mikumi hawana haja ya kutafutwa, yaacheni ya kuchanja, ya kunyonya na ya kukaza kamba. Aliyeumwa alazwe, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, kiungo kifungwe kijiti kisitikisike, na apelekwe hospitali bila ya kutembea. Mjini Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Nyoka asifukuzwe, asije akauma wawili. Na mkitoka usiku kwenda chooni, tokeni na tochi na viatu. Tembo naye akiingia eneo la chuo hapigwi picha. Watu hubaki ndani na askari wa hifadhi huitwa.

Limebaki jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote niliyoyasema, nalo ni hesabu ya watu.

Sisi wa Unguja na Pemba tulijifunza hili kwa machungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake, na idadi yao haikujulikana kwa hakika. Nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kusaidia kuandika majina ya waliokuja kuuliza jamaa zao. Mzee mmoja wa Wete alinitajia majina matano, nami sikuwa na karatasi ya kulinganisha nayo. Aliniuliza mara tatu, "Mwanangu, wewe ni Serikali, hujui nani alipanda?" Sikuwa na jawabu.

Chuo ni mfano wa chombo. Kila bweni liwe na orodha ya majina ya wanaolala humo usiku ule, pamoja na aliyeomba ruhusa na aliyepata mgeni, na nakala moja ikae nje ya bweni, kwa mlinzi. Kiongozi wa bweni aende nayo mahali pa kukusanyika, aite majina. Asiyeitika atajwe kwa wazimamoto, ili wajue wanamtafuta nani na kitanda chake kiko upande gani. Mwanafunzi anayeruka ukuta usiku bila ya kuaga aelewe kuwa anaweza kumpeleka mtu ndani ya moto kutafuta kitanda kitupu. Mwanafunzi asiyeona, asiyesikia au anayetumia kiti cha magurudumu awe na wenzake wawili waliokwisha kupangwa tangu siku ya mwanzo ya muhula, na alale chini, karibu na mlango. Asiyesikia hatasikia kengele yoyote. Ni lazima aguswe.

Kisha mtu mmoja tu ateuliwe kutoa habari. Nasema hivi nikijua kuwa sisi maofisa habari tuna sifa ya kuchelewa, na mara nyengine tunastahili lawama hiyo. Lakini mama aliyeko Chake Chake hapaswi kujua msiba wa mwanawe kwa picha iliyosambazwa katika kundi la simu. Ukinusurika, mpigie mzee wako umwambie kuwa uko salama, uwaambie na wa wenzako waliokaa nawe, halafu iachie simu yako nafasi.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Bara ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na Zanzibar ipo ya mwaka 2015 pamoja na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kote kuwili zipo kamati hadi ngazi ya chini, na chuo kina haki ya kuiendea kamati ya wilaya na kuomba ije ikague. Zimamoto hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa 112. Mkipiga, tajeni mahali kabla ya kueleza tukio, kwani simu hukatika.

Ndugu Mwenyekiti, uongozi wa chuo umekubali kuwa leo, baada ya chakula, kengele itapigwa mara mbili kwa milio miwili, ili tutembee njia zote mbili, ya uwanjani na ya mlimani. Naarifu mapema kuwa ni zoezi. Nitakwenda nanyi, ingawa kwa umri wangu ya mlimani nitaipanda polepole, na mlinzi wa usiku ameahidi kuja na ufunguo wake.